Turbo Inayochelewa Kuamka: Kutafuta Chanzo, Dalili kwa Dalili, Katika Injini Zilizofanyiwa Marekebisho

Mteja akituletea Subaru iliyofungwa turbo kubwa, maneno yake ya kwanza huwa yaleyale: "Fundi, nakanyaga mafuta, halafu nangoja." Anachokingoja ni presha ya turbo, na muda huo wa kungoja ndio tunaouita kuchelewa kwa turbo. Mara nyingi huja akiwa ameshajiandikia dawa, yaani anataka tumtafutie turbo nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Kisekka au Ndeeba hapa Kampala, ilhali katika magari mengi yaliyopita mikononi mwetu turbo yenyewe haikuwa na kosa. Hewa ilikuwa inavuja mahali fulani, au kifaa kimoja kilichofungwa wakati wa marekebisho hakikuelewana na kingine. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili anayoihisi dereva na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo chake, na unatanguliza vyanzo vinavyomalizwa kwa sabuni na klipu kabla ya vile vinavyodai turbo mpya.

Pima kabla ya kufungua boliti

Kuna mambo mawili ambayo madereva huyaita kwa jina moja. La kwanza ni kizingiti. Turbo huendeshwa na moshi wa ekzosi, na injini ikiwa chini ya mizunguko fulani moshi huo ni mchache kiasi kwamba hata ukikanyaga mafuta hadi sakafuni na kusubiri, presha kamili haitafika. La pili ndilo kuchelewa kwenyewe: injini imeshavuka kizingiti, dereva anafungua throto (mlango wa hewa unaoendeshwa na pedali ya mafuta) ghafla, na bado muda unapita kabla ya feni za turbo kupata kasi, kwa sababu shafti inayozibeba inatakiwa ipande hadi zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, na katika turbo ndogo hata 200,000. Dereva aliye chini ya kizingiti anaweza kujisaidia kwa kushusha gia moja. Aliye juu ya kizingiti na bado anangoja ndiye mwenye tatizo linalohitaji fundi.

Ili kuyatenganisha, unganisha skana inayorekodi mizunguko ya injini na presha ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), kisha fanya majaribio mawili, kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu za gari) ikiwezekana, au mahali pasipo watembea kwa miguu wala boda boda. Katika jaribio la kwanza, weka gia ya tatu, anza mizunguko 2,000, kanyaga mafuta yote na uache ipande hadi 4,500. Andika ni mizunguko mingapi presha ilipofika nusu bar na ilipofika kiwango kilichopangwa. Katika la pili, shikilia mizunguko 3,500 kwa mafuta kidogo, kanyaga ghafla, kisha soma kwenye rekodi ni sekunde ngapi zilipita. Namba hizo mbili zihifadhiwe, kwa sababu kila marekebisho yatapimwa kwazo. Hisia ya makalio ya dereva aliyetoka kulipa pesa nyingi si kipimo.

Lipo pia jambo la kijiografia ambalo watu wetu hulisahau. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako presha ya hewa ni kama bar 0.88, na Kabale iko karibu mita 2,000, ambako ni kama bar 0.8. Tuseme programu ya kompyuta ya injini inataka presha halisi ya bar 2 ndani ya manifoldi, ikihesabiwa pamoja na hewa ya kawaida. Mombasa, kando ya bahari, turbo itaizidisha hewa inayovuta karibu mara mbili tu. Kampala itaizidisha kama mara 2.27, na Kabale mara 2.5. Kazi hiyo ya ziada inafanywa na feni ileile kwa moshi unaotokana na hewa nyembamba zaidi, kwa hiyo kizingiti kinasogea juu. Anayenakili vipimo vya gari la Japani au Uingereza na kushangaa kwamba lake linaamka mizunguko mia kadhaa baadaye huenda hana ubovu wowote wa kutafuta.

Gari lilikuwa jepesi, sasa limekuwa zito

Kama hali ilibadilika ndani ya siku au wiki chache bila kitu kipya kufungwa, anza na uvujaji. Hewa iliyosukumwa na turbo ikitoroka kabla ya kufika kwenye pistoni, turbo hulazimika kuzunguka zaidi ili kuufidia upungufu, na katika mizunguko ya chini haina uwezo wa kufidia chochote. Gari linalotumia sensa ya kupima hewa iingiayo, kama zilivyo Subaru nyingi, litaongeza dalili nyingine: sensa imeshaihesabu hewa iliyotoroka, kompyuta inaimwagia petroli, na nyuma unatoka moshi mweusi presha inapopanda. Ufa ukiwa kabla ya turbo lakini baada ya sensa, mambo hugeuka, na injini hupata hewa isiyohesabiwa, ikatetemeka inaponguruma bila kukanyagwa.

Kipimo chake hakihitaji mashine ya bei. Chukua kofia ya paipu ya plastiki inayolingana na mdomo wa mpira unaopeleka hewa kwenye turbo, toboa katikati, funga valvu ya tairi, kisha ikaze kwa klipu baada ya sensa ya hewa. Ziba kwanza bomba la kupumulia la injini linaloungana na mpira huo, la sivyo presha itaingia kwenye krenki na kusukuma sili. Jaza hewa kwa kompresa ileile ya matairi, uanzie nusu bar, wala usizidi bar moja. Zima redio ya gereji na usikilize, halafu pitisha brashi yenye maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu likivimba taratibu, ni klipu. Likiruka, ni mpira uliopasuka. Kwenye Subaru yenye intakula (kipozeo cha hewa iliyosukumwa na turbo) juu ya injini, tazama bomba la pande mbili linalounganisha turbo na intakula, kisha upeleke mkono chini ya manifoldi hadi kwenye mpira wa kuvutia hewa ya turbo, kwa sababu ufa wake huwa upande wa chini ambako macho hayafiki bila kioo kidogo.

Magari yenye mabomba ya kuchomelewa yana kosa lake maalumu. Ncha ya bomba la alumini isipoinuliwa ukingo, mpira wa silikoni hauna pa kushikia, na kwa kuwa turbo yoyote iliyotumika hutoa unyevu kidogo wa oili, kiungo huteleza kila presha inapopanda na kurudi mahali pake gari linapozimwa. Ukilikagua gereji utaliona zima. Mwambie fundi wa kuchomelea azungushie ncha ukingo wa weldi, usafishe bomba na ndani ya mpira kwa petroli hadi pakauke, ndipo ukaze.

Upande wa moshi usiachwe. Manifoldi ya ekzosi iliyopasuka, gasketi iliyoungua, au nati iliyolegea kabla ya turbo humwaga nje nishati ambayo ingezungusha feni. Alama yake ni mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, unaopungua chuma kinapopata joto na kutanuka, pamoja na masizi meusi kwenye kiungo. Baada ya turbo tatizo ni kinyume chake, yaani kuziba. Feni ya moshi huzungushwa na tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma yake, kwa hiyo kataliti (kifaa cha kusafisha moshi) iliyoyeyuka au kujaa masizi hushikilia presha nyuma ya feni na kuinyima tofauti hiyo. Ikiwa kuna tundu la sensa ya oksijeni kati ya turbo na kataliti, funga geji hapo na upime mzigo ukiwa mkubwa.

Kichujio cha hewa ni la kukagua dakika mbili tu, ingawa kwa gari linalopita barabara za murram kila siku wakati wa kiangazi ratiba ya kitabu cha mtengenezaji haitoshi. Vichujio vya kupakwa oili, vikipakwa kupita kiasi, huchafua waya wa sensa ya hewa, na ubovu huo nao huiga kuchelewa kwa turbo vizuri sana.

Presha inaanza kupanda, halafu inazubaa au inaishia njiani

Hapa mshukiwa ni westigeti, ile lango inayopitisha moshi kando ya feni ili presha isizidi. Lango hili likifunguka mapema au lisipojifunga sawasawa, moshi hupita bila kufanya kazi. Zima gari, ondoa mpira wa akchueta (kifaa kinachosukuma fimbo ya lango kwa presha ya hewa), na uijaze presha taratibu kwa pampu ya mkono yenye geji: fimbo inapaswa kuanza kusogea karibu na presha ya springi yake, si kabla. Halafu chomoa fimbo na uisukume lango kwa mkono. Inapaswa kukalia kiti chake bila kubonyea wala kucheza. Magari yaliyokimbia na joto kubwa huwa na lango lililopindika au lililopasuka kiti, na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuliziba.

Forester moja ililetwa kwetu baada ya kupita gereji nyingine iliyolipamba kwa mipira mipya ya silikoni ya bluu kila mahali. Presha ilikuwa inafika karibu nusu bar na kubaki hapo, na inapanda kwa uvivu, wakati kabla ya mapambo ilikuwa inavuka bar 0.8. Tulipima uvujaji, hakuna. Tulipima akchueta, nzima. Kijana wetu mmoja ndiye aliyeuliza mipira ya zamani iko wapi, na mwenye gari akaitoa kwenye buti ikiwa ndani ya mfuko wa kaveera. Katika mmoja wa mipira hiyo myembamba, ule unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye kiungo cha solenoidi (valvu ya umeme inayoamriwa na kompyuta), kilikuwamo kipande kidogo cha shaba chenye tundu la takriban milimita moja. Kipande hicho hupunguza hewa inayoelekea kwenye akchueta ili solenoidi iweze kuimwaga na kulishikilia lango likiwa limefungwa. Kikiondolewa, hewa inajaa haraka kuliko solenoidi inavyoweza kuimwaga, lango linafunguka kwa presha ya springi peke yake, na kompyuta inabaki kutoa amri zisizosikilizwa. Tulikihamisha kwenye mpira mpya kwa koleo, na gari likarudi lilivyokuwa jioni hiyohiyo. Ikumbukwe kwamba anayebadilisha solenoidi ya kiwandani na kuweka ile ya matundu matatu inayokatiza njia anapaswa kukiondoa kipande hicho na kuandikiwa programu upya. Kifaa kilekile ni dawa kwenye mpangilio mmoja na sumu kwenye mwingine.

Solenoidi ya matundu matatu iliyopangwa vizuri ni marekebisho ninayoyapenda kuliko mengi yanayotangazwa, kwa sababu huiweka westigeti ikiwa imefungwa kabisa hadi karibu na presha lengwa, badala ya kuiacha ianze kufunguka polepole njiani. Springi ngumu zaidi husaidia pia, lakini kwa tahadhari, maana presha ya springi ndiyo presha ya chini kabisa ambayo gari litakuwa nayo siku petroli mbaya itakapoingia tangini.

Tatizo lilianza siku turbo kubwa ilipofungwa

Basi hakuna kilichoharibika. Mteja alipata alichonunua. Ugumu wa feni kuongeza kasi hukua haraka mno kadiri kipenyo kinavyoongezeka: kwa feni zenye umbo moja na madini yaleyale, hukua kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. Feni iliyopanuliwa kwa asilimia 10 tu huwa ngumu kuiharakisha kwa takriban asilimia 60 zaidi. Ndiyo maana turbo inayoonekana kubwa kidogo mezani hugeuza kabisa tabia ya gari barabarani, hasa kwenye injini ya lita 2 ambayo katika mizunguko 2,500 haina moshi wa kuigharimia.

Swali la kwanza tunalomuuliza mwenye gari ni wapi analiendesha. Kama maisha ya gari hilo ni foleni ya Kibuye siku tano na safari ya Mbarara mara moja kwa mwezi, nguvu zinazoanzia mizunguko 4,500 ni pambo. Turbo ndogo ya kiwandani aina ya TD04 iliyokuja na Forester na Impreza WRX nyingi huamka mapema na kuishiwa pumzi juu, na kwa matumizi hayo inatosha ikifunguliwa njia ya moshi. Paipu ya kushukia ya milimita 76 baada ya turbo ni karibu marekebisho pekee yanayoharakisha presha na kuongeza nguvu za juu kwa pamoja bila kunyang'anya upande mmoja. Lakini usiifunge bila kurekebisha programu, kwa kuwa presha inaweza kuvuka kiwango kwa sababu westigeti ndogo inashindwa kupitisha moshi wa ziada.

Asiyetaka kurudi kwenye turbo ndogo ana njia za kupunguza makali. Ganda la upande wa moshi huuzwa kwa uwiano wa eneo la njia na umbali wake kutoka katikati, na namba ndogo, kwa mfano 0.63 badala ya 0.82, huubana moshi na kuuharakisha kabla ya kugonga feni. Gharama yake ni msongamano wa moshi katika mizunguko ya juu. Beringi za gololi badala ya zile zinazoelea kwenye oili hupunguza msuguano, na faida yake huonekana zaidi dereva anapokanyaga na kuachia mara kwa mara. Feni za moshi za titani na alumini zina uzito wa karibu nusu ya zile za aloi ya nikeli, ila bei yake bado ni ya watu wa mashindano.

Ganda lenye njia mbili lastahili maneno zaidi, kwa sababu linaharibiwa sana na mafundi wenye haraka. Wazo lake ni kutenganisha mapigo ya moshi ili silinda moja inapotoa moshi isiisukumie nyingine inayomaliza kutoa wake. Injini ya silinda 4 zilizopangwa mstari, inayowaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2, huunganishwa 1 na 4 upande mmoja, 2 na 3 upande wa pili. Injini ya EJ ya Subaru huwaka 1-3-2-4, kwa hiyo jozi zake ni 1 na 2, halafu 3 na 4. Na kwa kuwa silinda 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 kushoto, mabomba ya jozi sharti yavuke chini ya injini. Manifoldi hiyo hubadilisha mlio, na ule mngurumo wa Subaru unaopendwa na vijana wetu hutoweka, jambo ambalo limewahi kumfanya mteja mmoja airudishe kazi. Kosa la kawaida ni kutoa turbo ya njia mbili kwenye nusu gari iliyokatwa Japani na kuuzwa kama vipuri na kuifunga kwenye manifoldi ya njia moja kwa adapta. Mapigo yanachanganyika kabla ya kufika, na mwenye gari amenunua turbo kubwa bila kupata kile kilichoifanya ivumilike. Vivyo hivyo ukuta wa katikati wa gasketi ukiungua.

Kuifunga manifoldi ya ekzosi na paipu ya kupandia, inayopeleka moshi kwenye turbo, kwa kitambaa cha joto huhifadhi nishati ya moshi na kupunguza joto chini ya boneti. Faida ipo, ingawa si ya kutangazwa kwa tarumbeta, na chuma hafifu chini ya kitambaa hicho hupasuka mapema.

Injini inavuta kwa uzito hata kabla ya presha

Fikiria programu na afya ya injini yenyewe. Mafundi wengi wa programu, kwa woga unaoeleweka, hujaza petroli nyingi kuanzia chini. Mchanganyiko wa sehemu 11 za hewa kwa 1 ya petroli unafaa kulinda pistoni wakati presha ni kamili, lakini wakati turbo inaamka hupoza moto na kupunguza nguvu za moshi. Katika eneo hilo injini nyingi hupendelea karibu 12.5, ikiwa petroli ni nzuri na hakuna kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Injini ikigonga, kompyuta hurudisha nyuma wakati wa kuwasha cheche, nguvu zinapungua, na dereva anaamini turbo imelala. Soma marekebisho ya kugonga kwenye skana kabla ya kuigusa turbo.

Injini zenye kemshafti (shafti zinazofungua valvu) za kubadilisha wakati, kama EJ zenye mfumo huo, ambao Subaru huuita AVCS, zina silaha ya bure: kuisogeza mbele kemshafti ya kuingiza hewa katika mizunguko ya kati huongeza upitishaji wa hewa na kuamsha turbo mapema. Silaha hiyo hukatika oili isipofika. Kwenye injini hizi kuna boliti yenye tundu na kichujio kidogo cha wavu katika njia ya oili, na wavu huo ukijaa tope la oili iliyochelewa kubadilishwa, kemshafti haisogei na, palipo na kichujio kama hicho kwenye njia ya turbo, beringi zake huanza kufa njaa. Oili nzito ya 20W-50, ambayo wengi huimimina kwenye gari kuukuu ili kuficha moshi, huongeza uvivu wa shafti asubuhi.

Halafu pima mgandamizo wa silinda. Injini iliyopasuka sehemu za pistoni zinazoshika ringi, ugonjwa wa kawaida kwa EJ zilizoendeshwa kwa presha kubwa na petroli dhaifu, haina moshi wa kutosha wa kuamsha turbo yoyote. Unaposoma geji, kumbuka tena mwinuko wetu: kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari, kwa hiyo injini nzima ya kuonyesha psi 160 kule itaonyesha karibu 140 Kampala. Tumeona injini zilizohukumiwa kufunguliwa kwa sababu fundi alikisoma kitabu bila kuitazama ramani. Kinachotisha zaidi ni silinda moja kuachwa mbali na wenzake.

Turbo yenyewe hukaguliwa kwa vidole. Ishike shafti na uitikise. Mchezo mdogo wa kwenda kando ni wa kawaida kwenye beringi za oili, mchezo wa kwenda mbele na nyuma unaohisika si wa kawaida, na alama ya feni kukwaruza ganda humaliza mjadala.

Mchana kwenye foleni ni mbaya, usiku ni nzuri

Hilo ni joto. Intakula iliyo juu ya injini ya Subaru hunywa joto la injini gari linaposimama, na hewa ya moto hupunguza nguvu na kuchochea kugonga. Wengi hukimbilia intakula ya mbele, kisha mtu mwingine anawaambia mabomba marefu ndiyo yanayochelewesha turbo. Tufanye hesabu. Mita 2.5 za bomba la milimita 63 hubeba kama lita 7.8, ukipanua hadi milimita 76, lita 11.3. Injini ya lita 2 katika mizunguko 3,000 huvuta karibu lita 50 za hewa kwa sekunde, kwa hiyo kujaza lita 3.5 za ziada hadi bar moja ni suala la chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ujazo wa mabomba unalaumiwa kupita haki yake. Intakula ya bei rahisi yenye mapezi yaliyobanana, inayoipotezea hewa presha inapopita, ndiyo yenye hatia kubwa zaidi, na hilo hupimwa kwa geji mbili, moja kabla na nyingine baada.

Bonde katikati ya nguvu

Legacy za turbo mbili zinazopokezana huwa na kipindi, karibu na mizunguko 4,000 hadi 4,500, ambapo turbo ya kwanza inaachia na ya pili haijashika. Kiasi fulani ndivyo ilivyoundwa. Likizidi, kagua mipira mingi myembamba ya vakyumu na matangi yake madogo, kwa kuwa mmoja ukipasuka lango za kupokezana hukosa amri. Wengi huishia kufunga turbo moja, na siwalaumu.

Prado na Hilux za dizeli

Injini ya 1KD na jamaa zake hutumia turbo yenye mabawa yanayobadilisha njia ya moshi. Mabawa yakigandishwa na masizi katika hali ya wazi, gari huwa zito chini na zuri juu. Yakigandia yamebana, presha huzidi na kompyuta hupunguza nguvu kwa kujilinda. Kusafisha mabawa bila kutibu sindano za dizeli zinazotoa masizi ni kazi ya kurudiwa baada ya miezi.

Kuchelewa kunatokea baada ya kubadilisha gia tu

Valvu ya kupumulia inayotoa hewa nje kwa mlio wa kupendeza dereva anapoachia mafuta, ikifungwa kwenye gari lenye sensa ya hewa, humwaga hewa iliyokwisha kuhesabiwa. Petroli inazidi kwa muda mfupi, na gari linasita kabla ya kushika tena. Irudishe hewa hiyo kabla ya turbo kama ilivyokuwa kiwandani. Kagua pia kama valvu haivuji ikiwa imefungwa, na kama rimu na matairi yaliyoongezwa ukubwa hayajarefusha gia kiasi cha kuitupa injini chini ya kizingiti kila unapopandisha.

Watakaouliza kuhusu mfumo wa kuchoma petroli ndani ya ekzosi, ule unaolipuka kama bunduki magari ya rali yanapoingia kona, wajue ulistawi kwa sababu kanuni ziliibana pumzi ya turbo kwa kizuizi, cha milimita 34 katika magari ya daraja la juu, na madereva walihitaji presha wakati wote. Unafanya kazi kweli. Lakini huiweka feni kwenye moto mkali dereva akiwa ameachia mafuta, na turbo, manifoldi na valvu za ekzosi hulika kwa kasi ambayo timu ya rali huiandikia bajeti ya vipuri kabla ya msimu kuanza. Kwenye gari la kwenda kazini hatuufungi, hata mteja akija na pesa mkononi.